Gobore Lililoachwa Limeshiba

Hasira yangu kwa yule mzee haijaisha, na sina mpango wa kuimaliza. Naweza kuamka vizuri kabisa, nikakumbuka lile jambo lake, chai ikaniharibikia mdomoni. Watu wa Guangzhou, kule China, waliomjua huniambia, "Dada, msamehe, mtu mzima yule." Nawauliza: kwani utu uzima ni kibali cha kutesa watu? Basi nitamweleza kama nilivyomjua, na anayetaka kumtetea amtetee nikishamaliza.

Tulimwita Mzee wa Ghala. Jina lake bila shaka lilikuwa kwenye pasipoti, ila sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo yetu sisi wafanyabiashara na kuipanga ndani ya kontena moja la kwenda Dar es Salaam. Ukinunua nguo za watoto soko la Shisanhang, ukichukua vitambaa kwenye masoko ya karibu na Kangle, ukitoka kwenye maonyesho ya Pazhou na masufuria ya umeme, vyote viliishia kwake, nje kidogo ya mji, kwenye ghala lenye feni iliyopiga kelele kuliko kupuliza. Mimi nilikuwa nafuata nguo za watoto na sahani kila msimu, na kila safari siku zangu za mwisho zilikwisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni pake, nikimsikiliza.

Kabla ya China alikuwa mwindaji. Hilo alikuambia kabla hujakaa vizuri. Alitoka kusini, kwenye mikorosho, na alikuwa akiwinda kanga na kwale kwa gobore, ile bunduki ya kushindilia kwa mdomoni. Unamimina baruti, unasokota makumbi ya nazi, unashindilia. Unatia vipande vya chuma, makumbi tena, unashindilia tena. Hapo gobore limeshiba. Bado fataki tu ya kuwashia baruti, halafu mlio mmoja, basi. Ukikosa, ndege ameshafika kijiji cha pili wewe bado unahangaika na pembe ya baruti.

"Gobore halina samahani," alikuwa akisema, na kidole chake kimoja juu.

Na kwenye biashara aliishi hivyo. Siku moja nilikwenda naye Shisanhang kuchukua sweta. Mimi bei naipigania: naomba, naondoka, narudi, namwita mwenye duka dada yangu. Mzee aliishika sweta, akavuta mshono, akaandika bei moja kwenye kikokotoo cha muuzaji, akakirudisha mezani. Yule mama akapiga kelele, "Laoban, bu xing, bu xing!" yaani bosi, haiwezekani. Mzee akageuka akatoka. Wala hakutembea ule mwendo wetu wa kusubiri kuitwa. Alitoka kweli. Tulishafika kwenye ngazi yule mama akatukimbilia na mfuko mkononi. "Umeona?" akaniambia. "Mlio mmoja." Nikamsifu. Sikumkumbusha kwamba wiki ile ile alitoka hivyo hivyo kwenye duka la viatu, hakuna aliyemkimbilia, na alinuna mpaka kesho yake.

Kontena nalo alilijaza kama gobore. Alikuwa na fimbo ndefu ya mwanzi. Safu ya katoni ikikamilika anaisukuma kwa ncha ya mwanzi, anagonga, anatega sikio. Mlio ukiwa mzito na mvivu, kuna uwazi mahali, na safu nzima inavunjwa. Mwanzi ukiruka kidogo mkononi mwake, anatabasamu: imekaa. Penye uwazi alisokota maboksi matupu na mabaki ya vitambaa akayashindilia. Vijana wa kubeba walimcheka kwa Kichina, wakidhani haelewi, naye aliwatukana kwa Kiswahili, akidhani hawaelewi. Lakini sahani zangu zilifika Dar nzima, wakati za watu wa maghala mengine zilifika vigae. Kabla ya kufunga mlango wa kontena alisema Bismillah, kama mwindaji anayetaka nyama yake iwe halali.

Nasema haya ili mjue kwamba sikuwa namchukia. Alitupikia pilau sikukuu zote. Mwanafunzi akiumwa, Mzee alikwenda hospitali kukaa naye. Wanafunzi wetu wa vyuo vya pale, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wakijazana kwake Jumapili, na yeye akawahadithia kuwinda. Kwenye hadithi zake hakuna ndege aliyewahi kukoswa. Alieleza ule moshi mweupe unaokufunika ukishapiga, usijue umepata au umekosa, usimame tu unasubiri upepo uuondoe. Hapo sauti yake ilikuwa inashuka, na hata sisi tuliokariri tulinyamaza. Kulikuwa na kijana mmoja Mkenya aliyempenda sana, naye ndiye aliyethubutu: "Buda, hii stori ya moshi si ulitupea wiki jana? Na wiki ile ingine?" Mzee akamwongezea nyama kwenye sahani, akaianza upya. Mtu wa mlio mmoja, na hadithi moja aliipiga mara mia.

Karibu na ghala palikuwa na soko la kuku, na mwisho wa soko kulikuwa na muuzaji wa ndege ambao Wachina huwaita shanji, kuku wa mlimani. Dume lake ni zuri mpaka unasikitika: shingo ya kijani inayong'aa, mkanda mweupe kooni, uso mwekundu, na mkia mrefu wenye mistari. Hawa wa sokoni wamefugwa tu, wametoka kwenye mabanda. Kila Ijumaa baada ya swala Mzee alipita kuwaangalia. Hakununua hata siku moja. Alisimama mbele ya kizimba, mikono nyuma, akiwasema.

"Mkia wote huo, umekaa unasubiri kisu. Huna haya?"

Muuzaji akimuuliza kama ananunua, anajibu "Bu yao," sitaki, kwa kiburi cha mtu aliyekataa urithi. Aliamini kwamba ndege asiyekukimbia haliwi. Kuku wa kukaanga wa madukani alikula, tena mapaja mawili kwa mkupuo, na nilipomuuliza huyo alimkimbia wapi, akaniambia nisichanganye mambo.

Mwenye ghala alikuwa Mchina wa makamo yake, mtu wa milimani, kaskazini ya jimbo. Sote tulimwita Laoban. Hawakuwa na lugha ya kuongea zaidi ya kodi na magari, mpaka siku moja Mzee alipomwonyesha picha ya dume la shanji kwenye simu, kisha akainua mikono akalenga hewani. Laoban akaweka chini kikombe chake cha chai. Akainuka, mzee mzima, akasimamisha bunduki isiyokuwepo, akamimina baruti isiyokuwepo. Akasokota kitu kwa vidole. Akashindilia. Akatia risasi. Akasokota tena, akashindilia tena. Mzee wa Ghala alipiga kelele mpaka vijana wakaacha kubeba. "Ni lile lile! Jamani, ni lile lile!" Laoban alituambia, kwa msaada wa simu inayotafsiri, kwamba ujanani alikuwa akiwinda shanji kwa bunduki kama hizo, wakati wa baridi, kwenye majani makavu, hadi serikali ilipozikusanya. Wote wawili walikuwa wamelowa machozi ya kicheko.

Kisha Laoban akauliza kwa ishara: ya kwako iko wapi? Mzee akaonyesha mbali, nyumbani, juu ya boriti. Na akapapasa tumbo lake: imeshiba.

Laoban akaacha kucheka. Akasema bu xing. Akaongea na simu, na simu ikatusomea kwamba kwao mtu anayekwenda mbali hupiga bunduki yake juu mbinguni siku ya kuondoka, ili nyumba ijue kwamba ameondoka.

"Mwambie sisi siyo wao," Mzee akanijibu mimi, kama vile mimi ndiye niliyesema. "Kwetu mwindaji akisafiri analiacha limeshiba. Mtu aliyeacha gobore limeshiba hajaondoka. Yupo."

Siku ile niliona ni maneno matamu. Hata nilimpenda kwayo.

Kila Ijumaa alimpigia mkewe simu, kwa sauti kubwa, mbele ya kila mtu. Hakuanza na salamu. Alianza na "Gobore kavu?" na sisi tuliokuwa karibu tulisikia sauti ya mwanamke ikijibu, "Kavu." Ndipo habari za nyumbani zilipofuata. Tulicheka. Tuliona ni mazoea ya mapenzi ya watu wazima. Na kila nilipokuwa narudi nyumbani alinipa mzigo wa mkewe niupeleke stendi: tochi. Kila mara tochi, za kila aina, ndogo, kubwa, za kuchaji, za kuvaa kichwani. Nilimtania kwamba mwanamke huyo ataanza kuota taa. "Zinamfaa," alisema.

Mwaka mmoja nilialikwa harusi kusini, nikaamua kuupeleka mzigo mwenyewe. Mkewe alinipokea kwa mikono miwili, mwanamke mwembamba, mchangamfu, mwenye utani. Akanipa kitanda chake, yeye akatandika mkeka. Magharibi ikaingia, chumba kikawa giza, na umeme haujafika kitongoji chao. Nikatoa mshumaa na kiberiti kwenye mkoba. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka vile. Alinipokonya kiberiti mkononi, akakitupa nje uani.

"Hapa hatuwashi moto, mama," akasema, akihema. "Bwana yupo juu."

Akawasha tochi, akaielekeza darini. Juu ya boriti, sawasawa na mahali pa kichwa changu, kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa kwa shuka.

Hapo ndipo nilipoelewa tochi.

Akanieleza bila kulalamika, na hilo ndilo lililonichoma. Tangu mumewe aondoke hajawasha kibatari chumbani mwake. Jiko alilihamishia mbali uani, na masika anapikia mvuani chini ya bati bovu. Radi zikianza anatoka kukaa kwa jirani. Binti zake wameolewa, na hawaleti wajukuu kulala pale. Wanaogopa. Wanamsabahi mlangoni na kuondoka na watoto wao.

"Si ulimwagie maji?" nikamwambia.

"La mtu aliye hai halimwagiwi maji. Wala halipigwi na mwingine. Akifa, ndugu zake wanalipiga siku ya matanga, na watu wote wanasikia kwamba basi, hayupo. Kabla ya hapo linamngoja mwenyewe."

"Na mwenyewe anakuja lini?"

"Msimu ukiisha," akasema. Halafu akacheka yeye mwenyewe.

Niliporudi Guangzhou sikwenda kwanza sokoni. Nilikwenda ghalani na begi langu.

"Mzee, nimelala kwa mkeo."

"Ahsante sana, mwanangu. Umelala salama?"

"Nimelala chini ya baruti yako."

Akaanza kutabasamu, akaona uso wangu, akaacha. "Lile halina fataki. Fataki niliitoa, iko kwenye kopo. Gobore bila fataki ni bomba la maji tu."

"Bomba la maji halina baruti tumboni. Mpigie ndugu yako simu sasa hivi alitoe nje alipige. Au panda ndege ukalipige mwenyewe, nauli tutakuchangia."

"Nikilipiga nimeondoka. Likiwa limeshiba, mimi bado nipo pale nyumbani. Wewe mtu wa mjini, bibie, huwezi kuelewa."

"Nimeelewa sana. Uko pale ili mwenzio asiwashe hata kibatari. Kwa lingine lolote hupo."

Vijana wa kubeba walikuwa wamesimama. Laoban alikuwa anaangalia kikombe chake. Mzee akachukua mwanzi wake, akaingia kwenye kontena, akaanza kugonga katoni ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Nimejiuliza mara nyingi kilichomzuia kurudi. Ningemwelewa kama angekuwa na mwanamke mwingine. Nilichunguza, hakuwa naye. Karatasi zake zilikuwa sawa. Ugonjwa hakuwa nao. Jibu nililonalo ni dogo na linanikera kwa udogo wake: Guangzhou alikuwa Mzee. Watu walitoka Dar na Zanzibar wakamngoja yeye, wakanyamaza yeye akigonga. Nyumbani angekuwa mume wa mtu, mwenye bunduki kuukuu na magoti mabovu. Alitaka vyote viwili, huku aheshimiwe na kule angojwe, na gharama ya kule akamwachia mwanamke alipe kwa giza.

Tulinuniana msimu mzima. Nilihamishia mzigo wangu ghala lingine, na sahani zikavunjika, nikamkasirikia hata kwa hilo.

Kisha mkewe akanipigia simu, nikiwa Dar najiandaa kusafiri.

"Njoo kusini, kuna shughuli kwangu."

"Shughuli gani?"

"Matanga."

"Nani amefariki?"

"Bwana."

Nikakaa chini. "Inna lillahi. Lini?"

"Anapumua bado," akasema. "Nimeongea naye Ijumaa."

Binti yake wa mwisho alikuwa amejifungua. Mkewe alimwomba alete mtoto walau wiki moja, amwogeshe, amkande mzazi kama mama anavyotakiwa. Binti akakataa kulala nyumba ile na kichanga. Ijumaa ikafika, simu ikalia, na mama akataka kumwambia mumewe habari ya mjukuu. Mumewe akauliza, "Gobore kavu?" Akamjibu, "Kavu." Siku hiyo hiyo akawaita ndugu wa mume. Walikataa, wakabishana, wakaenda kumuuliza sheikh wa kijiji, naye akasema hashiriki matanga ya mtu mzima wa afya. Mkewe akaweka sufuria motoni bila kumjali yeyote. Mwishowe wakubwa wakaja. Nadhani na wao walikuwa wamechoka kumngoja. Mimi sikuwahi, tiketi yangu ilikuwa ya kesho yake.

Nilipofika Guangzhou sikumkuta ghalani. Laoban alinyoosha kidole upande wa soko, akatikisa kichwa. Nikamkuta mbele ya kizimba cha shanji, na haikuwa Ijumaa. Hakuwa anawasema. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi, na alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wameniletea sauti," akasema, akanipa simu yake.

Nikaiweka sikioni. Kwanza watu wengi wakinong'ona, mtoto mchanga analia karibu kabisa, mwanamume mmoja anasema sogeeni, sogeeni. Halafu kishindo. Kuku wakapiga kelele, mbwa wakabweka mbali. Kikafuata kimya kirefu, na nikajua ni ule moshi, wanasubiri uondoke. Ndani ya kimya hicho mtoto akaanza tena kulia. Kisha sauti ya mkewe, tulivu kabisa:

"Haya. Karibuni mle, ubwabwa unapoa."

Nilimrudishia simu. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga tangu kwenye ndege, makali yote. Yalikuwa bado ni ya haki, na bado nilikuwa na hasira.

"Umesikia lilivyolia?" akaniuliza. "Halikusita hata kidogo. Miaka yote hiyo. Baruti yangu ilikuwa kavu."

Nilimtazama nijue kama anatania. Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akingoja nimsifu.

"Lilikuwa kavu kwa sababu yeye alikuwa akilikausha," nikamwambia. "Kila masika, aliniambia mwenyewe, alilifunua, akalifuta, akalifunga upya. Ulidhani nani?"

Aliangalia simu, kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kifuko cha plastiki, kile kile cha siku zote, akaninyooshea.

"Mpelekee. Hii inachaji kwa jua."

"Tochi ya nini, Mzee? Mkeo siku hizi anawasha kibatari."

Mkono wake ulibaki palepale hewani. Sikuipokea. Mpaka leo sijui kama nilifanya vibaya, na sitaki kuambiwa. Niligeuka nikaanza kuondoka katikati ya mabanda, nikilia kwa hasira, wauza kuku wakinitazama.

Nyuma yangu nikasikia sauti yake, akimuuliza muuzaji bei ya lile dume lenye mkia. Muuzaji akamwambia. Mzee akataja yake. Yule akasema bu xing. Nikapunguza mwendo nimsikie akitoka, kwa sababu namjua, nikasubiri hatua zake.

Akataja bei nyingine. Yule akakataa. Akataja nyingine tena.